Potulaka Dar es Salaam: ipangie masika kwanza

Oktoba 2022, Mto Ruvu uliposhuka na mgao wa maji ukaingia Dar es Salaam, ukoka wa uani kwangu ulikauka kama majani ya kuezekea. Kando yake potulaka ilichanua kila asubuhi, nayo ilipata maji niliyosuuzia mboga tu. Nikadhani nimepata ua lisilokufa. Aprili iliyofuata kitanda kizima cha maua kilioza ndani ya wiki moja. Tangu hapo namwambia kila anayeniuliza: ua hili lipangie masika kwanza, kiangazi litajitunza.

Ukifika kwenye kitalu cha pembeni mwa barabara na jina lisieleweke, eleza umbo. Ni mmea unaotambaa, mfupi wa kama sentimita 20, majani yake membamba kama njiti lakini yamejaa maji, maua mekundu, ya njano, ya waridi au meupe, yanayofumba mawingu yakitanda. Asili yake ni Amerika ya Kusini, ila nduguye unamjua: tako la hasani, lile linalojiotea kwenye matuta ya mchicha. Wote wawili huweka akiba ya maji kwenye majani na mashina. Kwa hiyo huvumilia ukame, na kwa hiyo hiyo huoza upesi mizizi ikikaa kwenye tope.

Kabla ya kupanda, maliza ndago, lile gugu lenye vijitunguu ardhini. Hapa usiharakishe hata kidogo. Ndago ikibaki ardhini itatoboa zulia lako la maua, na ukiing'oa wakati huo utang'oa na mashina laini ya potulaka. Chimba kina cha jembe zima, fuata kila mzizi mpaka kwenye kijitunguu chake cheusi, kitoe nje ya kitanda. Kisha mwagilia, subiri wiki mbili, zitakazochipua zichimbe tena. Mimi hurudia mara tatu, na sijawahi kujutia muda huo.

Inua kitanda sentimita 15 hadi 20 kutoka usawa wa uwanja. Penye mchanga, kama sehemu nyingi za Kigamboni, hiyo inatosha. Penye udongo mzito unaonata, changanya udongo na mchanga wa kujengea nusu kwa nusu. Usichote wa ufukweni, una chumvi. Samadi iwe kidogo na iliyooza vizuri. Ukiizidisha utapata majani mengi, maua ya kuhesabu.

Jua lisipungue saa sita kwa siku, na hapa fensi ndefu huwadanganya wengi. Kuanzia Mei hadi Agosti jua letu hupita upande wa kaskazini, hivyo kitanda kilicho kusini mwa ukuta, ambacho Desemba kilikuwa kinawaka, kinakaa kivulini. Chini ya mwembe usijaribu.

Mbegu zake ni laini kama vumbi, na ukizifukia hazioti. Zichanganye na mchanga mkavu uzinyunyize juu tu. Vipandikizi ni rahisi zaidi. Kata kipande cha sentimita 8 hadi 10, ondoa majani ya chini, kiache kivulini siku moja kidonda kikauke, kisha kichomeke, nafasi ya sentimita 15 hadi 20. Mwagilia kila baada ya siku mbili mpaka kishike. Baada ya hapo chomeka kidole kwanza: kikitoka na unyevu, rudisha ndoo. Maji yaende asubuhi, shinani. Mashina yakirefuka na kuwa matupu, kata nusu, yatachipua upya. Wadudu weupe kama pamba wakijitokeza, wafute kwa maji ya sabuni. Kuku wazungushie wavu, maana watafukua kitanda chote kwa siku moja.

Mwishoni mwa Februari, kabla mvua hazijaanza, kata vipandikizi kama 30 uviweke kwenye viriba vya mchanga barazani, mvua isipovifikia lakini jua la asubuhi linaingia. Kitanda cha nje kikipona masika, vizuri. Kisipopona, Juni unavishusha viriba vyako na kupanda upya bila kununua mche hata mmoja.