Jinsi ya kuamua raki: mwongozo kwa marefa wapya wa raga

Refa mpya wa raga hapa Uganda, awe anachezesha mechi ya shule au ya ligi ya chini, hakuna jambo linalomletea malalamiko kama raki, yaani pale wachezaji wa timu zote mbili wanapogombea mpira ulio chini baada ya aliyekuwa nao kuangushwa. Mara nyingi sheria anaijua. Kinachomshinda ni mpangilio wa macho: analitazama rundo zima kwa pamoja, kisha anapuliza kosa la mwisho aliloliona, wakati lililozaa mengine yote limempita. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Aliyeangusha

Kabla ya raki kuna mtu ameangushwa, na fujo nyingi huanzia hapo. Aliyemwangusha anatakiwa amwachie mara moja na aondoke njiani. Mwambie mapema, kwa neno moja: "Toka!" Kama amelaliwa na wenzake, anajitahidi, na mpira unatoka, mwache. Kama amejinyoosha pale skramu-hafu, yule anayeutoa mpira kwenye raki, anapotaka kupitisha mkono, hiyo ni penalti, hata akiinua mikono juu kujionyesha hana hatia.

Hatua ya 2: Aliyeangushwa

Auachie mpira, aupitishe au auweke chini papo hapo. Hapa usikae sana; macho yahamie kwa anayefika.

Hatua ya 3: Mporaji wa kwanza

Hii ndiyo hatua inayopima refa. Mlinzi anayefika kupora mpira lazima apitie upande wa timu yake na abaki amesimama kwa miguu yake. Kama alisaidia kumwangusha mtu huyo, lazima kwanza amwachie, na wewe uone wazi kwamba amemwachia, ndipo arudi kuushika mpira.

Tazama mikono yake. Tuseme namba 7 anainama, viganja vinatua kwenye nyasi mbele ya mpira, kisha anavirudisha nyuma kuukamata. Huyo alikuwa anajiegemeza chini, kwa hiyo hakusimama. Lakini mikono ikifika moja kwa moja kwenye mpira, anauvuta, na aliyelala anaung'ang'ania, mpe namba 7 penalti yake upesi. Ukichelewa, wapinzani watamvamia shingoni na magotini, na mtu ataumia kwa sababu ya kusita kwako.

Raki inaundwa pale mchezaji mmoja walau wa kila timu wanapogusana, wote wamesimama, mpira ukiwa chini kati yao. Kuanzia hapo hakuna mkono mpya unaoruhusiwa kwenye mpira. Aliyekuwa ameushika kabla anaweza kuendelea, mradi abaki amesimama.

Hatua ya 4: Wanaojiunga

Waingie kutoka nyuma ya mwenzao wa mwisho, washikane kwa mkono, vichwa na mabega visishuke chini ya nyonga. Anayejirusha kwa bega bila kushika ni hatari. Tangu 2024 sheria inakataza waziwazi kumviringisha, kumvuta au kumpinda mpinzani aliyesimama kwenye eneo hilo hadi aanguke. Hapo usiwe mpole: miguu ya vijana huvunjika kwa namna hiyo.

Msimu wa mvua Kampala uwanja hugeuka tope na kila mtu anateleza. Aliyeteleza na mpira ukatoka, mchezo uendelee. Aliyejitupa kuufunika mpira ili wenzake waupate kwa raha, tope si kisingizio.

Hatua ya 5: Inua kichwa

Marefa wengi wapya hubaki wameinamia mpira huku walinzi wakinyemelea mbele. Mstari wa kuotea unapita sehemu ya nyuma kabisa ya mchezaji wa mwisho aliye kwenye raki. Hata kabla raki haijaundwa, mchezaji mmoja aliyesimama juu ya mpira baada ya mtu kuangushwa anatosha kuuweka mstari huo. Simama pembeni kidogo, mahali unapoona mpira na safu ya ulinzi bila kugeuza mwili.

Mpira ukishapatikana na timu inauchelewesha, sema "Tumia!" Wana sekunde 5. Zikiisha, skramu (safu za timu mbili zinazosukumana kuanzisha mchezo upya) kwa wapinzani.

Hatua ya 6: Uliza kosa limeathiri nini

Mguu ulioingia pembeni kidogo, mbali na mpira, hauhitaji kipyenga. Utaua mchezo bure. Lakini uwe mkali kwenye raki za mwanzo, maana ndizo wachezaji wanazokupimia. Kosa lilelile likijirudia, mwite nahodha, umwonye. Likiendelea, kadi ya njano, dakika 10 nje. Karibu na mstari wa trai, ule unaovukwa ili kufunga, usingoje onyo la pili. Pale mpira uliocheleweshwa kwa makusudi ni trai iliyoibwa.

Kwa mazoezi, nenda Legends au Kyadondo, viwanja vya raga vya Kampala, siku ya ligi bila kipyenga, ukae usawa wa uwanja. Kipindi cha kwanza chote mtazame aliyeangusha tu, raki baada ya raki, hata umati ukishangilia kitu kingine. Kipindi cha pili hamia kwa mporaji wa kwanza.