Mtoto hataki kula? Anza na chai ya saa kumi

Kliniki ninayofanya kazi hapa Mombasa, akina mama huniuliza jambo moja: "Mwanangu hali kabisa, nimnunulie dawa gani ya kumtia hamu?" Mara nyingi hahitaji dawa. Fungua kwanza kijitabu cha mama na mtoto, utazame mstari wa uzito. Aliyezaliwa na kilo 3 hufika karibu kilo 9 anapotimiza mwaka, lakini mwaka wa pili huongeza kama kilo 2 na nusu tu. Kasi ya kukua ikipungua, njaa nayo hupungua. Mstari ukipanda vizuri, endelea kusoma. Ukilala au ukishuka, au mtoto akipaliwa kila anapokula, mpeleke akaonwe kwanza.

Hatua ya 1: Gawaneni kazi

Mzazi huamua kinachopikwa, saa ya kula na mahali pa kulia. Mtoto huamua kama atakula, na kiasi gani. Mgawanyo huu ulitolewa na Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, miaka ya 1980, na sijaona ulio bora kuliko huu. Kwa hiyo hakuna kumfukuza na kijiko mpaka barazani, wala "tonge hili la baba, hili la nyanya".

Nyanya ndiye mtihani, najua. Usibishane naye mbele ya mtoto. Mwombe akae ale naye pamoja. Mtoto akimwona nyanya anamega muhogo kwa raha, somo limeshaingia.

Hatua ya 2: Shika saa

Hapa ndipo nyumba nyingi za Pwani hukwama. Saa kumi jioni mtoto anapewa chai ya maziwa yenye sukari tele na mahamri mawili. Saa kumi na moja anatoka na shilingi kumi, anarudi na viazi karai, midomo myekundu kwa mabuyu. Saa moja na nusu usiku unamwekea wali na mchuzi wa samaki, anasukuma sahani, unasema anadeka. Hadeki, ameshiba!

Panga milo mitatu na vitafunio viwili, vipishane kwa saa mbili au tatu. Katikati ni maji tu. Chai ya saa kumi usiifute, maana ndiyo saa ya watu kukaa pamoja. Ipunguze: hamri moja kwa mbaazi, au kipande cha embe. Chai ya rangi usimpe pamoja na chakula, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mchicha na maharagwe.

Hatua ya 3: Kipya kikae kando ya anachokijua

Weka kijiko kimoja cha mchicha wa nazi pembeni ya wali anaoupenda, kisha nyamaza. Akiunusa, akiugusa, hata akiutema, amepiga hatua. Watoto wengi huhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali; wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu. Samaki mchambue mwenyewe kwa vidole, maana mwiba mmoja kooni hutosha kumfanya amkatae changu mwaka mzima.

Hatua ya 4: Kitamu kisiwe tuzo

"Maliza mboga nikupe soda" humfundisha kwamba mboga ni adhabu. Kaimati za Ramadhani mpe mbili pamoja na chakula chake, bila masharti.

Hatua ya 5: Chunga ulimi

"Kibonge", "kimbaumbau": hata kwa mzaha, usiseme. Mgeni wa Idi akisema, badilisha mazungumzo.

Mlo usizidi nusu saa. Akisema ameshiba, ondoa sahani bila kununa na usimkaangie chipsi baadaye. Huenda usiku wa kwanza akala matonge matatu tu. Asubuhi mpe uji saa ile ile, na ya jana usimuulize.