Namna ya kutambua namba za Kilatini ndani ya maneno ya Kiingereza

Ukikutana na neno geni linaloanza na uni-, bi-, tri- au quadr-, usikimbilie kamusi. Kata kiambishi awali, kisha tazama kilichobaki. Chukua "quadruped": quadr- ni nne, ped- ni mguu, basi ni mnyama wa miguu minne. "Triangle" ni tatu na angulus, yaani pembe.

Kuanzia tano ni quinque, sex, septem, octo, novem, decem; mia ni centum, elfu ni mille. Nyingine umezizoea kutoka kwenye Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba. Septemba ni mwezi wa tisa ingawa septem ni saba, kwa kuwa kalenda ya zamani ya Warumi ilianza Machi. Hesabu kwa vidole kuanzia hapo, utaiona inaangukia kwenye saba. Hata Julai iliitwa Quintilis, wa tano, mpaka mwaka 44 K.K. ilipopewa jina la Julius Caesar.

Wengi huharibu kwa kukata pasipo na kiungo. "Unimportant" haina uni-. Ina un- ya kukanusha. Ukiikata vibaya unabaki na "mportant", kitu kisicho na maana. "Decide" nayo haina kumi: ni de- na caedere, kukata. Kuna pia maneno yanayopita jaribio hili huku yakidanganya, kama "biology", ambayo bio- yake ni uhai kwa Kigiriki wala si bi- ya mbili. Kwa hiyo kilichobaki kiwe na maana, na maana hiyo ikubaliane na namba.

Centi- na milli- zinataka uangalifu zaidi. "Century" ni miaka 100 na "millennium" ni miaka 1,000, lakini sentimita ni sehemu moja ya mia ya mita, na milimita sehemu moja ya elfu. Wafaransa walipotunga vipimo vya metriki katika miaka ya 1790, walitumia Kilatini kwa kugawanya na Kigiriki kwa kuzidisha. Ndiyo maana kilo- na milli-, zote kwa asili elfu, zinakwenda pande mbili tofauti.

Kuhusu bi- na muda: "biennial" ni kila baada ya miaka miwili, "biannual" kwa kawaida ni mara mbili kwa mwaka. "Biweekly" ni bora uiepuke kabisa, maana kamusi zinakubali maana zote mbili. Andika "twice a week" au "every two weeks".

Maneno mengine yamechakaa hata hayakatiki. "Noon" ni nona hora, saa ya tisa tangu macheo, sawasawa na saa tisa alasiri ya Kiswahili. Baadaye neno likarudi nyuma mpaka saa sita mchana, na tisa yake ikabaki humo humo.