Kuunganisha M-PESA kwenye duka la mteja kwa PHP, bila pesa ya mtu kupotea njiani

Simu nyingi ninazopigiwa na wateja hapa Nairobi huhusu jambo moja: duka liko mtandaoni tayari, sasa linataka kupokea M-PESA. Ukiwa fundi wa PHP unayejitegemea, hii ni kazi ya kukulipia kodi ya nyumba, kwa hiyo ijue vizuri. Kutuma ombi la malipo ni rahisi. Ugumu uko kwenye kujua kama pesa imeingia kweli, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Akaunti iwe ya mteja

Pokea nusu ya malipo kwanza, na mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni kwa WhatsApp, kazi inaishia wapi. Kisha mfungulie mteja akaunti ya Daraja, lango la Safaricom la watengenezaji programu, kwa barua pepe yake mwenyewe. Ukitumia yako, siku mkiachana funguo za duka lake zitabaki mfukoni mwako, na hiyo si haki.

Hatua ya 2: Ficha funguo

Kwa Composer, kisakinishi cha vifurushi vya PHP, sakinisha vlucas/phpdotenv, kifurushi kinachosoma siri kutoka kwenye faili la .env. Funguo zote za Daraja ziingie kwenye faili la .env, nalo liandikwe kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git haihifadhi, kabla ya komiti ya kwanza. Seva ielekezwe kwenye folda ya public peke yake, .env ibaki nje yake, la sivyo mpita njia anaweza kulisoma kwa kivinjari.

Hatua ya 3: Tuma ombi

Anza kwa kuiomba Daraja tokeni, kibali cha muda cha kutuma maombi. Hudumu karibu saa moja, kwa hiyo ihifadhi badala ya kuomba mpya kwa kila mnunuzi. Nywila ya ombi hutengenezwa hivi, kwa shortcode (namba ya biashara) na passkey (ufunguo wa siri wa Daraja):

```php
date_default_timezone_set('Africa/Nairobi');
$muda = date('YmdHis');
$nywila = base64_encode($shortcode . $passkey . $muda);
```

Tumia $muda huo huo kwenye sehemu ya Timestamp ya ombi; ukiita date() mara ya pili, sekunde ikisonga ombi litakataliwa. Wanunuzi wataandika simu kwa 07, 01 au +254. Zisafishe wewe, zote zianze na 254. Kwa majaribio, Daraja hutoa shortcode 174379. Kama mteja ana till badala ya Paybill, sehemu ya TransactionType kwenye ombi ni CustomerBuyGoodsOnline na namba ya till huingia kwenye PartyB. Nimeona watu wakikwama hapo siku nzima.

Hatua ya 4: Andika kabla ya kusubiri

Daraja ikikubali ombi, hukurudishia CheckoutRequestID, namba ya kulitambulisha ombi hilo. Pesa bado haijatoka. Mnunuzi ndiyo kwanza anaulizwa PIN kwenye simu yake. Papo hapo, hifadhi oda, simu, kiasi na CheckoutRequestID kwenye hifadhidata, hali ikiwa "inasubiri".

Zamani sikufanya hivyo. Nilikuwa na mteja, mama anayeuza viatu vya mitumba Gikomba. Jumamosi moja seva ilizimika kwa dakika chache, jibu la Safaricom likaja likakuta mlango umefungwa. Mnunuzi akafika kibandani ameinua simu, ujumbe wa M-PESA uko wazi kwenye kioo, na tovuti inasema hajalipa. "Kijana wangu," mama akaniuliza kwa simu, "huyu ni mwongo ama ni mashine yako?" Sikuwa na la kumjibu, maana ombi lile sikuliandika popote. Tulipitia taarifa ya till mstari kwa mstari, mnunuzi amesimama juani. Alikuwa amelipa.

Hatua ya 5: Jibu likifika, lihakiki

Jibu la Safaricom kuhusu malipo huja kama JSON kwenye anwani uliyoitaja kwa CallBackURL ulipotuma ombi. Anwani hiyo iwe ya https na ifikike kutoka intaneti; ukiwa bado kwenye laptop, ngrok, programu inayoipa laptop yako anwani ya muda ya intaneti, itakusaidia. Lisome kwa file_get_contents('php://input') na ulihifadhi lilivyo kabla ya kulifanyia chochote. ResultCode 0 ni malipo yamefaulu, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mnunuzi ameghairi, 1037 ni simu haikupatikana au haikujibu.

Kumbuka kwamba mtu akiijua anwani hiyo anaweza kukutumia jibu bandia. Tafuta CheckoutRequestID kwenye jedwali lako, linganisha kiasi, na safu ya MpesaReceiptNumber (namba ya risiti) uiwekee UNIQUE, sharti la kutojirudia, ili risiti moja isilipie oda mbili. Kwa bidhaa ya bei kubwa, usiachilie mzigo kabla ya hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Uliza mwenyewe

Weka kroni, kazi ambayo seva huifanya yenyewe kwa ratiba, inayokimbia kila dakika. Oda yoyote iliyosubiri zaidi ya dakika 2, iulizie Daraja kwa anwani yake ya /mpesa/stkpushquery/v1/query. Kroni hii ingemwokoa yule mnunuzi na jua la Gikomba.

Hatua ya 7: Kabidhi mkiwa pamoja

Keti na mteja, alipe shilingi 1 kwa simu yake. Kisha aanze tena na aghairi. Kisha aache ombi life bila kuweka PIN. Mwisho, zuia kwa makusudi ukurasa unaopokea majibu, alipe, na msubiri kroni iilete oda hiyo yenyewe. Akiona zote nne zimekaa sawa kwenye orodha yake, mwombe nusu iliyobaki hapo hapo, kabla hamjanyanyuka.