Kuiandaa Nyumba Kabla Mnunuzi Hajabisha Hodi

Mnunuzi wa nyumba Dar es Salaam huanza kukagua akiwa bado nje, kwa hiyo kabla dalali hajamleta mtu, fagia njia, punguza matawi yanayoegemea ukuta na ulipake rangi geti lililoshika kutu.

Kazi kubwa iko ukutani. Katika nyumba nyingi za maeneo ya karibu na bahari, chumvi hupanda kutoka kwenye msingi na kubambua rangi kuanzia chini, na wauzaji hukimbilia kupaka rangi mpya juu yake. Hiyo ni hasara tupu, kwa maana rangi hututumka tena, na mnunuzi mzoefu hupitisha kiganja karibu na sakafu kabla hata hajauliza bei. Bandua plasta iliyooza hadi kwenye tofali, tafuta chanzo cha unyevu, piga plasta nyingine na uiache ikauke kabisa ndipo upake rangi.

Ndani, ondoa makochi makubwa yanayoziba madirisha. Rekebisha koki inayovuja na kitasa kilicholegea, kwani ni vitu vya bei ndogo vinavyompa mnunuzi sababu ya kuomba punguzo kubwa. Ukaguzi uwe asubuhi, madirisha yakiwa wazi na tangi likiwa na maji.

Nakala ya hati miliki na risiti za kodi ya pango la ardhi ziwe mezani. Na ikiwa ni nyumba ya ndoa, mwenza wako awe amekwisha kuridhia kwa maandishi.