Hati ya uwakilishi kwa ndugu aliye nje: njia niliyopita na shangazi yangu wa Muscat

Shangazi yangu anafanya kazi Muscat, Oman, huu ni mwaka wa kumi na nne. Kiwanja chake kiko Tanga, kina barua ya toleo tu (waraka wa kugawiwa kiwanja unaotangulia hati miliki), na alitaka nimfuatilie hati miliki, kisha akipatikana mnunuzi wa maana nimuuzie. Tulidhani ni kazi ya wiki mbili. Ilituchukua miezi mitano, na mitatu kati ya hiyo ililiwa na majina. Tangu hapo nimewashika mkono watu kadhaa kwenye jambo hilihili, na wengi hukwama palepale tulipokwama sisi. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Naweza kukueleza njia na kukupangia nyaraka, lakini hati yenyewe iandikwe na wakili. Ninayoeleza ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na mawakili wake, kwa hiyo mwenye shamba Unguja au Pemba aanzie huko.

Hatua ya 1: Hakikisha bado inawezekana

Hati ya uwakilishi (wengine huiita nguvu ya kisheria) ni waraka wa kumpa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako. Hutolewa na mtu aliye hai, mwenye akili timamu, anayeelewa anachokisaini. Akifariki, inakufa naye siku hiyohiyo, na kuanzia hapo habari ni ya mirathi na msimamizi anateuliwa na mahakama. Akipoteza fahamu au akili, nayo inakoma. Imewahi kuniuma kumkatalia kijana aliyekuja na kidau cha wino ili baba yake aliyepooza, asiyemtambua mtu tena, awekwe dole gumba kwenye karatasi. Alikuwa na nia njema kabisa, anataka kulipia matibabu. Lakini dole lile lisingekuwa ridhaa ya mzee. Katika hali hiyo njia inapita mahakamani, hata kama ni ndefu.

Kama ndugu yako amechukua uraia wa nchi nyingine, mwambie wakili siku ya kwanza. Sheria ya ardhi haimtazami asiye raia kama inavyomtazama raia.

Hatua ya 2: Tafuta wakili, epuka kishoka

Kishoka, yaani tapeli anayejifanya wakili, utamkuta nje ya kila ofisi ya ardhi na kila mahakama, ana bahasha na muhuri mfukoni. Usimpe hata nakala ya kitambulisho. Mwombe anayejiita wakili jina lake kamili, kisha lihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania. Leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo hata wakili uliyemtumia zamani mhakiki upya. Na mwisho wa hati pawepo "Imeandaliwa na", jina na anwani ya aliyeiandika. Sheria ya Mawakili inataka hivyo, na msajili ana haki ya kuikataa hati isiyo na maneno hayo.

Kama mfuko hauruhusu, msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017 hautozwi. Ulizia wasaidizi wa kisheria kwenye halmashauri yako, au nenda TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Nina msimamo mmoja hapa ambao sitauacha: kabla wakili hajaandika mstari wowote, azungumze na mwenye mali mwenyewe kwa simu ya video, bila mwakilishi kukaa pembeni. Mimi nilitoka nje wakili alipoongea na shangazi. Asikie kwa kinywa chake anataka nini na hataki nini.

Hatua ya 3: Majina

Hapa usiharakishe hata kidogo.

Barua ya toleo ilisema Mwanahamisi Saidi. Pasipoti ilisema Mwanakhamis Said, na jina la babu mwishoni. Kitambulisho cha NIDA kilikuwa na babu pia, lakini kiliandika Mwanahamis. (Majina nimeyabadili, tatizo ni lilelile.) Sisi wa pwani tunajua hilo ni jina moja, mtoto aliyezaliwa Alhamisi. Karani wa masijala analinganisha karatasi kwa karatasi, na kwake hao ni watu watatu.

Hati yetu ya kwanza ilitumia jina la pasipoti, maana ndiyo aliyokuwa nayo Muscat. Dirishani nikaambiwa mmiliki wa kiwanja ni mtu mwingine. Nikakimbilia kuapa kiapo mimi, nikieleza kwamba namjua shangazi yangu na majina yote ni yake. Kikakataliwa, na kwa haki, kwa sababu kiapo kuhusu jina la mtu huapwa na mwenye jina. Shangazi akaapa kule ubalozini, lakini tulitaja jina la barua ya toleo na la pasipoti tukasahau la NIDA. Nikarudishwa mara ya tatu. Kila safari ya karatasi kutoka Muscat ilikuwa inasubiri mtu anayerudi likizo.

Sasa nafanya hivi, na naomba ufanye hivi.

Kusanya kila waraka wenye jina la mwenye mali: barua ya toleo au hati, risiti za kodi ya pango la ardhi, pasipoti, NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa. Uone nakala kwa macho. Usikubali kusomewa kwenye simu, kwa sababu mtu akisoma jina lake huwa analitamka anavyolijua, hasomi herufi. Andika kila jina kwenye karatasi moja, chini yake waraka lilikotoka. Angalia h na kh, Abdallah na Abdalla, Saidi na Said, jina la babu lililopo huku na kukosekana kule, na jina la mume lililoingia baada ya ndoa.

Yakitofautiana kwa herufi au kwa jina moja kupungua, mwenye mali aape kiapo kimoja kinachotaja kila namna ya jina na waraka lilipo, kisha kiseme wazi kwamba wote ni mtu mmoja, naye ni yeye. Kiambatishwe nakala na picha yake. Anayeapisha lazima aandike jina lake, mahali na tarehe, basi kiangalie kabla hakijaondoka mezani, kwa sababu nimeona kiapo kizuri kikikataliwa kwa kukosa jina la mji. Kiapo kitangulie hati ya uwakilishi au vifanyike siku moja, hati isije ikataja kiapo ambacho tarehe yake bado haijafika.

Ndani ya hati yenyewe mimi napendelea jina la kwenye waraka wa ardhi litangulie, ndipo lifuate "ambaye pia anajulikana kama" na majina mengine. Wako mawakili wanaoanza na la pasipoti. Sibishani nao, ila anayepokea hati kule masijala ana faili la kiwanja mkononi, na macho yake yanatafuta jina la kwenye faili.

Jina likiwa limebadilika kabisa, kwa mfano mtu alisilimu au alibatizwa akaacha jina la zamani, kiapo hakitatosha. Hapo inahitajika hati ya kubadili jina, nayo isajiliwe. Na usianze kwa kusahihisha NIDA ukidhani utakuwa umemaliza. Ukisahihisha, pasipoti na barua ya toleo zinabaki vilevile, na kiapo utakihitaji tu.

Halafu kuna jina lako wewe mwakilishi. Langu lilikosa jina la babu kwenye rasimu ya kwanza. Nilikuwa nahangaika na la shangazi hata langu sikulitazama.

Hatua ya 4: Mamlaka gani, na yaishie wapi

Kataa hati inayosema mwakilishi "atafanya jambo lolote kuhusu mali zangu zote". Watu huipenda kwa sababu ni fupi. Nimeona familia zikivunjika kwa sentensi hiyo.

Taja kiwanja kwa namba, kitalu, eneo na halmashauri, kama kilivyoandikwa kwenye waraka wa ardhi. Kisha taja kazi moja moja: kufuatilia umilikishwaji, kusaini fomu za ardhi, kulipa kodi ya pango la ardhi, kupokea hati miliki. Kama kuna kuuza, neno "kuuza" liandikwe waziwazi, maana ruhusa ya kusimamia si ruhusa ya kuuza. Na ukishasema kuuza, usisahau TRA: mauzo yana kodi ya faida ya mtaji, na mwakilishi asiyetajwa kuwa anaweza kukamilisha mambo ya kodi atarudi tena kwa mwenye mali. Mwenye mali akiwa na mume au mke, ulizia mapema ridhaa ya mwenzi.

Kwa shangazi tuliweka mambo matatu ambayo sasa nayapendekeza kwa kila mtu. Bei isiyopungua kiwango alichokitaja mwenyewe. Fedha ziingie kwenye akaunti yake, zisipite kwangu. Nisiweze kukinunua mimi wala mke wangu. Mimi ndiye niliyeyaomba, na shangazi alilia kwenye simu wakili alipomsomea.

Lugha iwe Kiswahili. Akihitajika mtu wa kutafsiri atafsiri baadaye, lakini anayesaini asome mwenyewe kila neno. Asiyejua kusoma asomewe na kuelezwa, na hilo liandikwe kwenye hati kabla ya dole gumba.

Hatua ya 5: Kusaini ubalozini

Hatua hii ni ya mwenye mali aliye nje. Usisaini nyumbani. Afisa wa ubalozi anathibitisha sahihi iliyowekwa mbele ya macho yake, na hati iliyokwisha kusainiwa itabidi ichapwe upya. Kuna njia ya mthibitishaji wa nchi uliko, lakini kwa Oman utaanza na Kiarabu, mihuri ya wizara yao, kisha ubalozi wetu, kisha tafsiri. Nenda ubalozini moja kwa moja.

Beba pasipoti na picha ndogo, zako na za mwakilishi. Saini kila ukurasa kwa kalamu ya bluu ili nakala halisi ijulikane. Fanya nakala halisi tatu, si moja. Mwakilishi naye huwa na sehemu ya kusaini kwamba amekubali, na hiyo ataisaini Tanzania mbele ya wakili. Wakili huyo awe tofauti na aliyeandika hati. Picha ya skani kwenye WhatsApp inatosha kwa kuhakiki maneno, haitoshi kwa kusajili.

Hatua ya 6: Stempu na usajili

Ikishafika, lipia ushuru wa stempu bila kuchelewa, kisha ipeleke kwa Msajili wa Hati kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa kilipo kiwanja. Malipo yote ya serikali ni kwa kontrol namba. Anayetaka fedha mkononi usimpe. Ukiwa na majina sawasawa, hatua hii ni ya kukaa kwenye benchi na kusubiri.

Kama hati ni ya benki au mafao, waulize kwanza wanaoipokea. Benki nyingine zina fomu zao.

Hatua ya 7: Kuifunga

Hati miliki ya shangazi ilitoka. Mnunuzi hakupatikana, na alipokuja likizo alibadili nia, anataka kujenga. Basi tulirudi kwa wakili akaandika hati ya kutengua uwakilishi, shangazi akasaini, nami nikapewa nakala. Tukaisajili ofisi ileile iliyosajili ya kwanza, maana asiyejua kwamba uwakilishi umetenguliwa anaweza bado kuniamini. Nakala halisi nilizobaki nazo nilimrudishia zote, akaziweka bahasha moja na hati miliki yake, akaondoka nayo.