Nepi za kitambaa: kushona ni rahisi, kazi iko kwenye ndoo

Mimi ni fundi cherehani, na nepi nimeshona nyingi kuliko magauni ya harusi. Wateja wanaoziacha na kurudi kwenye pampasi hawalalamikii mshono. Wanasema zinanuka, au mtoto kaota vipele. Mara nyingi yote mawili hutokana na ufuaji, kwa hiyo kwenye kukata na kushona nitapita haraka.

Hatua ya 1: Kitambaa

Nunua flana ya pamba, na utafute taulo kuukuu. Sokoni kila flana huitwa pamba, hivyo chomoa nyuzi mbili uziwashe kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, ikabaki majivu laini. Ikiyeyuka na kuwa kidonge kigumu, hiyo ni polyesta. Mkojo utateleza juu yake. Khanga iliyofuliwa miaka mingi inafaa sana mwezi wa kwanza. Kitenge kipya hapana, kinakwaruza.

Fua kitambaa kabla ya kukata, kirudi kabisa.

Hatua ya 2: Kukata na kushona

Mraba wa sentimita 70 kwa 70, kunja pindo, basi. Kipande cha katikati ni taulo la matabaka mawili, sentimita 35 kwa 12. Usikishonee kwenye nepi, maana kikishonewa hapo katikati hapakauki. Andaa nepi 24: mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku, na nyingine lazima ziwe kwenye kamba.

Hatua ya 3: Kuvalisha

Kunja pembetatu, weka kipande katikati, funga kwa pini huku vidole vyako vikikinga tumbo la mtoto. Kitovu kikiwa hakijadondoka, nepi ikae chini yake. Chupi ya nailoni ni ya safari. Nyumbani mwache bila hiyo, ngozi ipate hewa, na umbadilishe mara akilowa.

Hatua ya 4: Kufua

Kinyesi kikwangue kiende chooni. Kisha suuza kwa maji baridi, si ya moto. Ya moto hugandisha doa. Maji ya suuzo la mwisho la jana yanatosha kwa kazi hii, na mahali maji yanapotoka kwa mgawo utanishukuru.

Nepi zinazosubiri kufuliwa zikae kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama hata kwenye maji kidogo.

Fua kwa maji ya moto na sabuni ya mche. Usitie dawa ya kulainisha nguo: huacha utando kwenye nyuzi, na nepi hainyonyi tena. Suuza mpaka povu liishe kabisa. Vipele vingi ninavyoonyeshwa ni sabuni iliyobaki kwenye kitambaa. Kwenye kukamua mwite baba. Taulo linataka mkono wenye nguvu. Vipele visipopungua kwa siku mbili tatu, au vikitoa maji, mpeleke mtoto zahanati.

Hatua ya 5: Jua na pasi

Anika juani kwenye kamba, si kwenye majani wala ukutani. Doa la manjano lipake limau kabla ya kuanika, kisha usuuze tena.

Pasi si urembo. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au chini. Yakikutana na ngozi, funza huingia na kuvimba kama jipu. Piga pasi ya moto pande zote mbili, na usikimbie kwenye pindo. Ya mkaa au ya umeme, zote sawa.

Wakati wa masika

Mvua za Machi hadi Mei ndizo hushinda watu. Funga kamba ndani, karibu na dirisha, na utangulize vipande vya taulo kwa kuwa huchelewa kukauka. Nepi yenye unyevunyevu usiikunje wala kuiweka kabatini.

Mimi mwenyewe, wiki za mvua kubwa, nilimvalisha mwanangu pampasi usiku, na sioni aibu kusema. Ila iliyotumika ifungwe iende kwenye gari la taka. Ukiitupa kwenye choo cha shimo haiozi, na siku gari la kunyonya litakapokuja mpira utaziba.